Nani? Mhadhara Kuhusu Kilele cha Vinson na Jina Lake



Nimekuja na atlasi. Ni kuukuu, jalada lake limebanduka mara mbili na nimelishona kwa uzi wa magunia. Niliinunua kwa muuza vitabu vilivyotumika, aliyevitandaza juu ya turubai kando ya barabara. Ukurasa wa mwisho kabla ya faharasa una ramani ya Antaktika: duara jeupe, mistari ya longitudo inayokutana katikati kama spoku za baiskeli, na upande wa kushoto, karibu na pale bara linapoanza kunyoosha mkia wake kuelekea Amerika ya Kusini, pembetatu ndogo nyeusi. Kando ya pembetatu hiyo imeandikwa Vinson Massif, kisha 5140. Aliyekuwa na kitabu hiki kabla yangu, bila shaka mwanafunzi, alipiga mstari wa penseli chini ya jina hilo, akaandika pembeni neno moja: "Nani?"

Mhadhara wangu ni jibu la swali hilo. Nimekaa nalo miaka mingi, na kadiri nilivyolifuatilia ndivyo nilivyoona kwamba mtoto yule aliuliza jambo zito kuliko alivyojua. Hakuuliza mlima uko wapi, wala una urefu gani. Aliona jina la mtu limekaa juu ya mlima, akataka kumjua mtu huyo.

Hata hivyo tuanze na mlima, kwa sababu ndio uliotangulia.

Antaktika ni bara lenye kilomita za mraba zipatazo milioni 14, yaani eneo la Tanzania mara kumi na tano hivi. Karibu lote limefunikwa na barafu. Milima mingi ya huko imezikwa, na hujulikana kwa vyombo vya kupimia tu. Iliyotoa vichwa nje ni michache. Mmoja wa misururu iliyotoa vichwa ni Milima ya Ellsworth, upande wa magharibi wa bara, jirani na tandiko kubwa la barafu inayoelea liitwalo Ronne. Msururu huo una urefu wa kilomita 360 hivi. Barafuto ya Minnesota, yaani mto wa barafu wenye jina hilo, inaukata vipande viwili: kusini kuna safu ya Heritage, kaskazini kuna safu ya Sentinel. Katika safu ya Sentinel, kwenye latitudo ya nyuzi 78 na nusu kusini, kilomita 1,200 hivi kutoka Ncha ya Kusini, ndiko unakosimama mlima mrefu kuliko yote ya bara lile.

Neno "massif" walimu wengi hulipita bila kulieleza, nami nimelipita hivyo hivyo darasani. Ni neno la Kifaransa ambalo wanajiografia wa lugha nyingi wameliazima. Maana yake ni bonge la milima lililoshikana, mwili mmoja wenye vilele vingi mgongoni. Bonge la Vinson lina urefu wa kilomita 21 na upana wa kilomita 13. Kilele chake kirefu kuliko vyote ndicho Mlima Vinson. Tofauti hiyo ilichelewa sana kuwekwa rasmi: ni tarehe 1 Novemba 2006 ndipo kamati ya Marekani inayoshughulikia majina ya Antaktika ilipotamka kwamba bonge ni kitu kimoja na mlima ni kitu kingine. Kabla ya hapo jina lilikuwa moja kwa vyote viwili, ndiyo maana atlasi yangu inaandika bonge ilhali pembetatu imewekwa penye kilele.

Upande wa mashariki wa safu hiyo, ukuta wa milima unateremka hadi kwenye mkondo wa barafu wa Rutford. Barafu ya mkondo huo ina unene unaozidi kilomita 2, na kitako chake kiko chini sana ya usawa wa bahari. Tungeweza kuiondoa barafu hiyo siku moja, tungeona mlima ukishuka kutoka kileleni hadi shimoni kwa umbali ambao hakuna mteremko wa Afrika unaoukaribia. Tunachokiona cha Vinson ni sehemu ya juu tu.

Miamba ya vilele vile ni kwatsaiti, mchanga wa kale uliobanwa na kuokwa hadi ukawa mgumu kuliko vyote vilivyouzunguka. Mahali pengine katika safu hiyo hiyo ya Sentinel kuna matabaka ya miamba ya zama za Permi, yenye makaa na chapa za majani ya mmea uliotoweka, Glossopteris. Jani lake lilikuwa na umbo la ulimi, lenye mshipa mmoja katikati na mishipa midogo iliyosukwa kama wavu kila upande. Walimu mliotoka Ruvuma na Njombe sikilizeni hapa: mmea huo huo umeacha chapa zake katika miamba ya makaa ya bonde la Ruhuhu. Wakati huo Antaktika na Afrika zilikuwa nchi moja, Gondwana, na kipande cha ardhi chenye Milima ya Ellsworth kilikuwa karibu na kusini mwa Afrika kabla hakijapasuka, kikazunguka na kusafiri hadi kilipo leo. Nikiwa darasani huwa natia jani la mwembe kwenye udongo wa mfinyanzi, nalitoa, nawaonyesha watoto mishipa iliyobaki. Kisha nawaambia kwamba kule penye baridi kuliko kote duniani kuna chapa kama hiyo, na ndugu yake yuko Ruhuhu.

Hali ya hewa ya huko haielezeki vizuri kwa maneno yetu, na hili linanigusa kama mtu wa lugha. Neno letu "kusini" limetokana na kusi, upepo unaowarudisha mabaharia wetu kutoka upande ule. "Kaskazini" limetokana na kaskazi. Lugha yetu imepanga dunia kwa pepo za Bahari ya Hindi. Ukisimama Ncha ya Kusini kila upande ni kaskazini, na upepo unaoujua ni mmoja: hewa nzito iliyopozwa juu ya nyanda za barafu, inayoporomoka kuelekea pwani kwa uzito wake yenyewe. Saa nazo ni hivyo. Sisi huanza kuhesabu saa jua likichomoza. Kwenye Mlima Vinson mwezi Desemba jua halichomozi wala halizami. Saa sita mchana liko nyuzi 35 hivi juu ya upeo wa macho, saa sita usiku liko nyuzi 12, nalo linazunguka mbingu kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Wapandaji walioweka hema kwenye barafuto ya Branscomb, chini ya mlima, hupata usiku wa aina yake pale jua linapopita nyuma ya mlima wenyewe na kivuli kuwafunika kwa saa kadhaa. Mtu aliyekuwa amevaa shati juani anajikuta katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, na hatoki ndani ya mfuko wa kulalia mpaka mstari wa jua uyafikie mahema.

Hewa nayo ni nyembamba kuliko urefu wa mlima unavyoonyesha, kwa sababu karibu na ncha za dunia tabaka la hewa ni jembamba kuliko huku kwetu karibu na ikweta. Anayefika juu ya Vinson hupumua kana kwamba yuko juu zaidi ya pale alipo.

Sasa jina.

Tarehe 23 Novemba 1935 tajiri mmoja wa Marekani, Lincoln Ellsworth, aliondoka Kisiwa cha Dundee pamoja na rubani wake, Herbert Hollick-Kenyon, kwa ndege ndogo ya injini moja iitwayo Polar Star, yaani Nyota ya Ncha. Walikusudia kulivuka bara zima kwa saa 14. Walitumia wiki mbili. Walitua mara nne juu ya barafu, redio yao ikafa, na mafuta yakawaishia kilomita 25 hivi kabla ya kambi waliyoikusudia, wakamalizia kwa miguu. Siku ile ya kwanza waliona kando yao safu ya milima ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Ellsworth aliiita Sentinel, maana yake mlinzi wa zamu, kwa vile ilisimama peke yake juu ya barafu tupu kama askari langoni. Mlima mmoja ulioyapendeza macho yake akaupa jina la mkewe, Mary Louise Ulmer. Kilele kirefu kuliko vyote hakikuwa miongoni mwa alivyoviandika.

Napenda jina la Sentinel. Ni jina la mtu aliyetazama. Ukimweleza mtoto wa darasa la tano kwamba safu ile inaitwa Mlinzi, anaiona.

Ikapita zaidi ya miaka 20. Katika msimu wa 1957 hadi 1958, uliokuwa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, msafara wa wanasayansi wa Marekani ukiongozwa na Charles Bentley ulifika kwa magari ya theluji hadi chini ya safu hiyo, na ndege za jeshi la majini la Marekani zikapita juu yake. Hapo ndipo kilele kikuu kilipotambulika. Ramani zikachorwa kutokana na picha za angani. Milima ikawa mingi, majina machache, na mwaka 1961 kamati iliyokaa Washington ikaandika: Vinson.

Mwanafunzi wangu wa penseli, huyu hapa mtu wako.

Carl Vinson alizaliwa mwaka 1883 jimbo la Georgia, akafa mwaka 1981. Aliingia Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 1914 na kukaa humo zaidi ya miaka 50. Kwa muda mrefu aliongoza kamati ya masuala ya jeshi la majini, na baadaye kamati ya majeshi yote. Manowari kubwa zilizopigana vita ya pili ya dunia zilijengwa kwa sheria alizozisukuma yeye. Na kwa kuwa safari nyingi za Marekani kwenda Antaktika zilibebwa na jeshi la majini, kwa meli zake, ndege zake na mafuta yake, aliyeshika mfuko wa jeshi hilo ndiye aliyeshika ufunguo wa bara. Kamati ya majina ilisema hivyo waziwazi: jina lilitolewa kwa sababu mbunge huyo aliunga mkono uchunguzi wa Antaktika. Sababu hiyo ni ya kweli.

Kuna jingine la kweli. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kuvunja katiba. Machi 1956 wabunge na maseneta wapatao mia moja wa majimbo ya kusini walitia saini tamko la kuupinga uamuzi huo. Saini ya Carl Vinson imo. Miaka mitano baadaye jina lake likawekwa juu ya kilele kirefu kuliko vyote vya bara zima.

Mimi ni mwalimu, na shule ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Siwezi kuusoma mstari ule wa penseli nikalipita jambo hili. Mtoto aliyeuliza "Nani?" katika nchi yetu, ndani ya atlasi ya shule, alikuwa akiulizia mtu ambaye, mtoto huyo angekuwa Georgia mwaka 1956, asingetaka aketi darasa moja na watoto weupe.

Mwaka 1961 huo huo, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha Mwenge na bendera ya Tanganyika juu ya Kibo. Mlima wetu nao ulikuwa umebandikwa jina kileleni. Hans Meyer alipofika juu tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikiita kilele hicho kwa jina la mfalme wa Ujerumani, Kaiser Wilhelm. Leo kinaitwa Uhuru, na hakuna mtoto anayeuliza nani. Lakini tazameni tofauti: Kaiser alikuwa ameandikwa juu ya mlima uliokwisha kuwa na majina. Wachaga walikuwa na Kibo na Mawenzi tangu enzi, na kisa cha namna Kibo alivyomtwanga mwenziwe kwa mchi hadi akabaki na mabonde na miiba kichwani. Jina la mgeni lilipobanduka, chini yake palikuwa na ardhi ya majina. Denali kule Alaska ni hivyo hivyo. Sheria ya mwaka 1917 iliuita McKinley, mwaka 2015 serikali ya Marekani ikalirudisha jina la wenyeji, mwaka 2025 serikali nyingine ikarudisha McKinley, na muda wote huo wenyeji waliendelea kuuita kama babu zao walivyouita.

Chini ya jina la Vinson hakuna kitu. Antaktika haikuwa na mwenyeji. Hakuna bibi aliyemsimulia mjukuu kisa cha mlima ule, hakuna mchungaji aliyeutumia kujua mvua inatoka wapi. Ndiyo maana kazi ya kuupa jina ilikuwa nzito kuliko ya Kilimanjaro: aliyekosea hakuwa na wa kumsahihisha.

Ndugu zetu wa Rwenzori nao wanajua kubandikiwa jina la mgeni, kwa namna yao. Kilele kikuu cha Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, kinaitwa Margherita, jina la malkia wa Italia, nalo lilitolewa mwaka 1906 na Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme aliyejulikana kama Duke wa Abruzzi. Mtu huyo huyo miaka michache kabla alikuwa ameongoza msafara kuelekea Ncha ya Kaskazini. Meli yake iliitwa Stella Polare, nayo maana yake ni Nyota ya Ncha, sawa kabisa na ndege ya Ellsworth. Watu wale wale, moyo ule ule, walikuwa wakiandika juu ya barafu ya ncha na juu ya theluji ya ikweta kwa kalamu moja.

Mtaniuliza: nani anaidhinisha majina ya Antaktika? Jibu ni kwamba hakuna mmoja. Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12, Afrika Kusini ikiwa nchi pekee ya bara letu miongoni mwao, wakati huo ikiwa chini ya utawala wa makaburu. Ulianza kutumika Juni 1961. Ibara yake ya 4 imeyaweka madai ya umiliki wa ardhi pale yalipokuwa: anayedai hajanyang'anywa dai lake, asiyelitambua halazimishwi kulitambua, na hakuna dai jipya. Mlima Vinson uko ndani ya eneo ambalo Chile inalidai tangu mwaka 1940, lakini jina lake ni la Marekani, ambayo haikudai chochote na haitambui dai la mtu. Majina kila nchi hutoa yake, kisha hukusanywa katika orodha moja na kamati ya kimataifa ya wanasayansi wa Antaktika. Orodha hiyo hukusanya tu, haihukumu. Kisiwa kimoja karibu na rasi ya Antaktika ni King George kwa Waingereza, ni 25 de Mayo kwa Waargentina, siku ya mapinduzi yao, na kwa Warusi ni Waterloo. Kisiwa ni kimoja, nyavu zilizotupwa juu yake ni tatu.

Kamati ya Marekani ina kanuni zake, na kwa sehemu kubwa ni kanuni nzuri. Urafiki au undugu peke yake haumpi mtu mlima. Majina ya bidhaa za biashara hayakubaliki. Sehemu kubwa za nchi na safu kuu hutunzwa kwa waliofanya makubwa, na vilele vidogo kwa walioshika kazi ndogo. Ndiyo maana jirani wa Vinson anaitwa Mlima Shinn, kwa jina la Conrad Shinn, rubani aliyekuwa wa kwanza kutua na ndege kwenye Ncha ya Kusini, tarehe 31 Oktoba 1956. Mlima wa pili kwa urefu ni Tyree, jina la amiri aliyeongoza vikosi vya misaada vya jeshi la majini huko. Na kilele cha Polarstar kimeitwa kwa ndege ya Ellsworth; kilele kikalipa jina tabaka la miamba lenye yale majani ya Glossopteris. Ndege imekuwa mlima, mlima umekuwa mwamba, na ndani ya mwamba kuna jani lililokufa kabla ya mnyama yeyote anayeweza kutoa jina.

Majina ninayoyaheshimu kuliko yote katika bonge la Vinson yalikuja mwaka 2006. Miaka 40 kabla, Desemba 1966, Wamarekani kumi wakiongozwa na Nicholas Clinch walifika pale kwa msaada wa ndege ya jeshi la majini. Tarehe 18 Desemba wanne kati yao, Barry Corbet, John Evans, Bill Long na Pete Schoening, wakasimama kileleni wa kwanza, na wenzao wakafuata. Kabla ya kuondoka katika safu ile walipanda pia milima mingine, Tyree ukiwamo, ambao ni mgumu kuliko Vinson. Mwaka 2006 vilele vidogo vinavyouzunguka mlima mkuu vikapewa majina yao: Clinch, Corbet, Schoening, Silverstein, Hollister, Fukushima, Marts, Wahlstrom. Barry Corbet aliumia uti wa mgongo katika ajali ya helikopta mwaka 1968, akaishi maisha yake yaliyosalia juu ya kiti cha magurudumu, akawa mtetezi hodari wa watu wenye ulemavu, na akafariki mwaka 2004. Jina lake liko kwenye kilele cha mita 4,822. Mtoto akiniuliza "Nani?" kuhusu Corbet, namjibu nikiwa nimesimama wima.

Hukumu yangu kuhusu jina kubwa basi ni hii. Mlima mrefu kuliko yote ya bara lisilo mali ya taifa lolote haukupaswa kubeba jina la mwanasiasa wa taifa moja, hata angekuwa mwema wa wema. Huyu aliyepewa alikuwa na deni kwa watoto weusi wa jimbo lake, na deni hilo lilijulikana siku jina lilipoandikwa. Safu ilikwisha kuitwa Mlinzi. Kilele chake kikuu kingeweza kubaki Mlinzi.

Hata hivyo sitawashauri mbuni jina jipya la Kiswahili. Ramani ni makubaliano. Mpandaji aliyekwama kwenye barafu, rubani anayemtafuta na daktari anayesubiri redioni lazima wataje mahali pamoja kwa jina moja. Tuandike Mlima Vinson. Tusiandike "Mlima Mount Vinson", kama tunavyosikia watu wakisema "Mlima Mount Meru". Hiyo ni kuita mlima mara mbili. Na bonge tuliite bonge la milima la Vinson, Kiswahili kinatosha.

Imebaki tarakimu ya atlasi yangu, 5140. Ilitokana na makadirio ya mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wapimaji wa Marekani waliishusha hadi 4,897. Mwaka 2004 timu iliyoongozwa na Damien Gildea, Mwaustralia aliyeijua vizuri safu ile, ilibeba kipokezi cha GPS hadi juu, ikakisimamisha juu ya theluji ya kilele na kukiacha kikusanye ishara za setilaiti. Jibu likawa 4,892. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, unauzidi kwa mita 1,003. Mlima haukupungua hata unyayo mmoja tangu mwanafunzi yule aliposhika penseli. Ni sisi tuliokuwa hatujaufikia vizuri.

Walimu wenzangu, nawaomba jambo moja. Atlasi nyingi zilizomo makabatini mwa shule zetu ni za umri wa hii yangu. Kesho mkifika, fungueni ukurasa wa Antaktika. Mkikuta 5,140, chukueni kalamu, kateni, andikeni 4,892. Na mtoto akinyoosha mkono kuuliza "Nani?", msimwambie ni jina tu. Mwambieni alikuwa mbunge wa Georgia aliyelijengea jeshi la majini meli zilizofungua njia ya Antaktika, na mwambieni pia ni nini alichokitia saini Machi 1956.